Mahali Ambapo Hakuna wa Kutuambia Hameni

Keza wangu,

Umekwenda kuaga kwa akina Divine na umemchukua Bosco mgongoni, kwa hiyo nyumba iko kimya. Nimekaa mlangoni penye mwanga, na karatasi nilizochana kwenye kaye yako ya shule ya mwaka jana. Nina muda mpaka mtakaporudi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea kule Tanzania mpaka darasa la sita. Kirundi changu cha kuandika kinanitia haya, na Kifaransa ni chako, si changu. Pale nitakapokosea usicheke sana. Cheka kidogo tu.

Mambo ya sabuni, ya viatu, ya nani utembee naye na nani umkwepe, sikuandikii. Mama Shabani, utakayekaa kwake kule Rumonge, atakuambia hayo mpaka masikio yaume. Ndiye aliyekuogesha wakati mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na saba ninayeogopa kukushika shingo. Na dawa yako ya kuvuta unaijua kuliko mimi.

Ninachotaka kukupa ni jibu. Jumapili, ulipokuwa unakunja nguo zako, uliniuliza maswali mawili. La kwanza: "Mama, kwa nini mlichagua huku mbali? Si tulikuwa tunakaa Rumonge, karibu na kila kitu?" Kabla sijafungua mdomo ukaleta la pili: "Na mimi nikishuka, nyinyi mtanifuata lini?"

Nikakuambia nenda ukaangalie moto. Moto ulikuwa haujawashwa, Keza. Ulijua, mimi nilijua, ukatoka nje ukasimama jikoni mbele ya majivu ya jana. Tangu siku hiyo unanijibu ndiyo na hapana, kama mtu anayeongea na direkiteri wa shule. Kesho baba yako anapanda kukuchukua. Siwezi kukuacha ushuke hivyo. Nikikuacha ushuke hivyo utafika kule chini ukiwa umeamua kwamba mama yako alipenda kiwanja kuliko wewe, na mtoto akishaamua jambo kama hilo peke yake, nani atamtoa?

Basi nianze na la kwanza.

Watu wote nimewaambia ni maji. Na ni kweli, maji yalikuwepo. Wewe mwenyewe unakumbuka ziwa lilivyoingia uani kwa Mama Shabani, mwanzo ukafurahi, ukaziachia ndala zako zielee kama boti. Kisha choo kikajaa, kisha kuta zikaanza kulamba maji kutoka chini, ukiweka mkono ukutani unatoka na rangi. Vyumba vya mbele vikaanguka. Mama Shabani akatuhamishia cha kati, kisha cha nyuma. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu, nao wanatikisa kichwa, wanasema pole, ziwa limetuonea wote.

Lakini si maji tu. Kulikuwa na vyumba vya kupanga kule juu ya barabara ya lami, nyuma ya mashine ya mawese, mahali ambapo maji hayajafika mpaka leo. Baba yako alikwenda kukiona kimoja. Akarudi amefurahi, anasema kina dirisha. Hospitali ni kwa miguu, soko ni kwa miguu, shule yako ungeendelea na ileile. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikataa mbele yake nikiwa nimesimama, na baba yako unamjua, hapendi kelele, akanyamaza. Kwa hiyo ukitafuta wa kumlaumu usimwangalie yeye.

Ngoja nikueleze nilichokuwa nacho kichwani siku ile.

Mimi nilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi kule Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia wakiwa watoto. Babu yako alijenga nyumba nzuri ya matofali, majirani walikuja kuitazama. Ila sakafu hakuitia saruji hata siku moja. Bibi yako akilalamikia vumbi, anamjibu, "Saruji ya nini? Si tunarudi?" Nimekua juu ya vumbi hilo la tunarudi. Nilifagia kila asubuhi na kila jioni, na halikuisha, kwa sababu lilikuwa ndiyo sakafu yenyewe.

Tukarudi kweli. Lori likatushusha Nyanza-Lac, na kwenye michikichi ya ukoo wetu tukakuta watu wengine wamejenga, wamezaa, wamezika. Usije ukawachukia, Keza. Nao waliambiwa kaeni hapa, wakakaa. Ikabidi tugawane. Sehemu yetu ilianza kwenye mchikichi mmoja ikaishia kwenye mfereji. Babu yako alisimama katikati yake, akanyoosha mikono miwili kulia na kushoto, akacheka. Tangu hapo sikumsikia tena akicheka kwa moyo. Alipofariki, kaka zangu wakasema pale hapatoshi hata wao, na mimi msichana nitapata kwa mume. Nikaja Rumonge kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, kwa watu. Ndipo baba yako aliponiona, nina magamba mpaka kwenye nyusi. Anasema alinipenda kwa hayo magamba. Muulize, atakuambia hivyohivyo bila kucheka.

Kwa hiyo tulipopanga kwa Mama Shabani nilikuwa na furaha. Mwanamke yule ana mdomo mkali na mkono mwema, unamjua. Ila chumba cha mtu ni chumba cha mtu. Kuna siku wewe ulikuwa mdogo, umejifunza kushika kitu, ukachukua kaa la jiko lililozimika ukachora ukuta mzima. Samaki, mtu mwenye kichwa kikubwa, sijui nini tena. Ulikuwa unaimba. Mimi nikaingia, nikaona ukuta ambao si wetu, nikakupiga. Nilikupiga vibaya. Mama Shabani akatoka na maji ya wali mkononi, akaniuliza, "Unaua mutoto sababu ya ukuta? Ukuta ni wangu ama wako?" Nikamwambia ni wako. Akasema, "Basi mimi sijalia, wewe unalia nini?"

Alisema kwa wema. Lakini mimi nilisikia lile neno moja tu, kwamba ni wake.

Kisha lilikuja jambo la ziwa kufungwa. Wewe sasa ni mkubwa, unaelewa. Ziwa likifungwa ili samaki wazaane, boti zinakaa mchangani na baba yako anakaa nyumbani anatazama mikono yake. Tumbo halifungwi. Kodi haifungwi. Miezi ile tulikula kwa haya, tukasalimia watu kwa haya. Nikaanza kuota ardhi, Keza, jinsi wengine wanavyoota gari. Mahali ambapo hata mume akikosa kazi, muhogo hautakosa. Mahali ambapo hakuna wa kutuambia hameni, wala ziwa, wala mwenye nyumba, wala kaka.

Nikasikia kuna parsele za ardhi zinauzwa huku juu, vilima vya Bugarama, bei ya mtu wa chini kwa sababu ni mbali na hakuna barabara ya kufika mlangoni. Nilipopanda kuitazama, wewe nilikubeba. Hapa palikuwa na majani tu na migomba mitatu iliyokauka. Nikasimama. Nikazungusha macho pande zote, sikuona bati la mtu anayeweza kunihamisha. Nikakaa chini. Sijawahi kumwambia hata baba yako kwamba nililia.

Siku tuliyoondoka kwa Mama Shabani, aliniuliza, "Unakwenda kukaa na nyani?"

Nikamjibu, "Bora nyani. Nyani hawanihamishi chumba."

Wapangaji wote walicheka. Yeye alicheka pia, lakini aliingia ndani haraka na hakutoka kutuaga. Nilijiona nimesema vizuri. Ukiwa na maneno mazuri ya kumwambia mtu aliyekuogeshea mtoto, mwanangu, yameze.

Nyumba ilipokwisha, kabla hata ya kuweka mlango, nilikupa kaa nikakuambia, chora. Chora popote. Ulinitazama kama unapima kama ninatania. Ukaweka mikono nyuma. Ilikuchukua siku nyingi, na ulipochora ulichora kitu kidogo kabisa, nyuma ya kitanda, pale pasipoonekana. Kipo mpaka leo, mimi nakutana nacho kila ninapofagia.

Sasa nikuambie nilichokosea, maana si ule ugumu wa njia. Watu wanaishi mbali na wanazeeka salama. Kosa langu ni kwamba nilikuja kuishi mbali kwa akili ya mtu wa mjini.

Unakumbuka ule wito wa alfajiri, mtu anaita kutoka kilima cha pili na sauti zinapokezana? Ni mgonjwa anatakiwa kubebwa kwenye ingobyi, ile machela ya kusukwa, mpaka barabarani kwenye magari. Huku hakuna pikipiki inayopanda wakati wa mvua. Kila nyumba inatoa mtu mmoja. Wanne wanabeba, wanne wanatembea kando wakisubiri zamu. Hakuna anayelipwa. Ukibeba wa wenzako, wako atabebwa, na hilo haliandikwi popote.

Mara ya kwanza walipotuita, baba yako alikuwa ndiyo kwanza amepanda kutoka ziwani, hajalala. Nikamwonea huruma. Nikatoka nje nikawaambia, "Mume wangu amechoka, poleni sana, ila chukueni hii," nikawapa ndagala wakavu, wengi, wazuri, wa kutoka Gitaza. Kule mjini ndivyo tulivyofanya. Msiba ukitokea unatoa mchango wako, unashukuriwa, kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Walipokea. Wakasema murakoze, asante. Nikarudi ndani nimeridhika, nikajiambia nimepata majirani wanaoridhika na kidogo.

Mara ya pili nikatoa ndagala. Mara ya tatu baba yako mwenyewe alikuwa anavaa viatu, nikamrudisha kitandani. Nikatoa ndagala. Hakuna aliyenisema. Watu wa mlimani hawakusemi usoni, wanakuacha tu ukae na ulichochagua.

Ile asubuhi yako wewe huikumbuki yote, na ni afadhali. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, kuni mbichi, moshi umejaa, na ukungu umekuja kulala mlangoni. Ulianza kukohoa wakati unamvalisha Bosco shati. Ukavuta dawa, kikopo kikatoa hewa tupu. Ulinitazama. Mabega yako yakawa yanapanda yenyewe, ngozi ya shingo inaingia ndani, na kucha zako zikabadilika rangi mkononi mwangu. Baba yako alikuwa ziwani, mwezi ulikuwa mwembamba, na mwezi ukiwa mwembamba ndipo samaki wanafuata taa, kwa hiyo hapandi. Nikakimbia kwa mzee Zakaria, kwa sababu yeye ndiye anayetunza ingobyi ya kilima. Nilianguka mara sijui ngapi.

Alikuwa anakula. Nikamwambia mtoto wangu anakufa. Akaweka sahani chini, akanawa mikono taratibu, akasema, "Mama Keza, mbona hukuwaita ndagala? Waje wambebe."

Nilipiga magoti, Keza. Kwenye tope la kuku.

Akaniambia, "Inuka. Mimi nakusema huku natembea," na kweli alikuwa ameshaishusha ingobyi kutoka ukutani. Akaita. Aliita kwa sauti ile yake ya ng'ombe, mara nyingi, akielekeza kila upande. Wakaja wawili tu. Wengine waliitikia kutoka mbali kwamba wako shambani, wako sokoni, wamechoka. Neno lile lilinirudia hivyohivyo nilivyolisema mimi.

Wakawa watatu, na ingobyi ina ncha nne. Nikashika ya nne. Mmoja wao akasema mwanamke habebi ingobyi, haijawahi kuonekana. Nikamwambia, "Basi nionyeshe wa nne." Zakaria akatazama njia ya juu, akatazama ya chini. Akaniambia, "Kunja kitenge, weka begani, mti usikuchubue."

Tulishuka hivyo. Zakaria mbele anatukana mawe. "Punguza hatua, Mama Keza, unamtikisa kama mtungi." Kisha, "Huyu mtoto mzito, kumbe zile ndagala nyingine mlikuwa mnamlisha yeye." Nilitaka kumchukia. Lakini kila alipotania nilijua anasikiliza pumzi yako, maana pumzi yako ilipokatika alinyamaza, na iliporudi akaanza tena. Hapakuwa na wa kupokezana naye. Mtu wa umri ule alibeba mpaka chini bila kubadilishwa, kwa sababu ya ndagala zangu.

Barabarani tulipata gari ya ndizi. Ulilala juu ya ndizi na mimi juu yako. Hospitali walikutoa mahali ambapo sitaki kupataja, na daktari, kijana mpole tu, akaniuliza tunakaa wapi. Nikamtajia. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Mama, huyu mtoto akae karibu. Safari hii mmewahi. Sijui ya pili." Nikamwambia tuna nyumba yetu. Nilimwambia hivyo, Keza! Mtoto wangu ana mpira puani na mimi namwambia mtu tuna nyumba yetu, parsele yetu, hatupangi. Akasema, "Nimesikia, mama."

Ndiyo maana nilikwenda kwa Mama Shabani. Nilisimama kwenye ua wake, ambao sasa ni nusu tu, nusu nyingine ni ziwa, na wale walioniona naondoka na maneno yangu wananiona narudi. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nyani wamekushinda?"

Nikasema ndiyo. Wamenishinda.

Akapepeta mpaka mchele ukaisha. Kisha akasema, "Mutoto alete. Mutoto haombewi. Lakini chumba hakiko, Mama Keza, nakuambia kweli. Watu ya maji wamejaa mpaka mu jiko. Iko mukeka tu, atalala na wajukuu wangu." Nikashika mikono yake nikalia. Akanyang'anya mikono. "Acha, unanilowesha mchele."

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Nilichagua mbali kwa sababu nilitaka uwe na mahali ambapo hakuna mtu duniani atakayekuambia hama. Nilipanda mpaka huku, nikachimba, nikabeba maji, nikawaudhi watu wema, nikajenga. Na mtu wa kwanza kukuambia hama kutoka kwenye nyumba hii ni mimi. Sijui nimlilie nani. Nikiamka alfajiri ninalala tena makusudi, ili nisikutane na fikira hiyo kabla ya jua.

Ungekuwa mkubwa zaidi ningekuambia usije ukakipenda kitu mpaka ukasahau ulikuwa unakipenda kwa ajili ya nani. Lakini hata mimi sijajua jinsi ya kufanya hivyo, kwa hiyo nakuambia tu kwamba ilinitokea.

La pili sasa. Mtanifuata lini.

Jumanne, ulipokuwa mtoni na Bosco, walikuja watu. Mwanamke wa rika langu na mtoto mgongoni, mume wake nyuma na viatu mkononi. Akasema amahoro, nikasema amahoro. Akasema wamesikia huenda tutauza.

"Nani kawaambia?"

"Watu."

"Basi watu wanajua kabla ya mwenyewe."

Akacheka, lakini macho yake yalikuwa hayapo kwangu. Alikuwa anageuka, anatazama muhogo, anatazama bati, anatazama pande zote mpaka mbali. Akaniuliza, "Na huku nani anawadai kila mwezi?" Nikasema hakuna. Akauliza kwa sauti ndogo zaidi, "Na hakuna wa kuwaondoa?" Nikasema hakuna. Akakaa chini, bila kukaribishwa, kwenye majani, mahali palepale nilipokaa mimi siku ya kwanza. Mume wake akamwambia inuka, utachafuka. Hakuinuka.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri nikinyamaza watanunua upesi na mimi nitakufuata. Nakuambia nilifikiri hivyo, na nilimwangalia yule mtoto mgongoni kwake, amelala mdomo wazi, na nikashindwa. Nikawaambia yote. Ukungu. Njia. Umbali wa hospitali. Nikamuuliza kama mtoto anakohoa, akasema hapana. Nikamuuliza mume kama analala nyumbani usiku, akasema yeye ni fundi cherehani, atalala wapi tena. Nikamwambia, "Ukisikia wanaita, nenda. Hata kama una homa, nenda ukaonekane. Usitume kitu. Kabla hujaleta kitanda chako huku, leta bega." Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Mke wake ndiye aliyejibu.

"Dada," akasema, "kwetu maji yako chini ya kitanda. Tumeweka kitanda juu ya matofali. Yakapanda, tukaongeza matofali. Sasa nikiamka kichwa kinagonga bati. Wewe niambie tu kama unauza."

Nikawaambia nitawajibu Jumapili. Waliposhuka, yeye alikuwa anageuka nyuma, anageuka nyuma.

Sikumwambia baba yako. Anasema atavumilia, anasema mwezi ukiwa mkubwa atapitia kwako, atakuletea habari zetu, atatuletea zako, na hivyo tutaishi. Yeye ananihurumia. Anajua nyumba hii ni nini kwangu. Kile chumba chenye dirisha, nyuma ya mashine ya mawese, Mama Shabani aliniambia tena habari zake wakati naondoka: kiko wazi, kina kelele, kina moshi kidogo upande wa mashine lakini upepo wa ziwa unausukuma kwenda juu, na hospitali ni kwa miguu. Nilijifanya nafunga kiatu.

Nimeandika mpaka hapa nikidhani nitakuambia uwe na subira. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Lakini nimekusikia sasa hivi kule chini kwenye kona, unacheka na Divine, kisha umekohoa, kisha umeacha kucheka ili upate pumzi. Bosco anakuuliza kitu nawe humjibu bado.

Kesho baba yako akifika, kabla hajakaa, nitamwambia mbele yako kwamba tunawauzia hawa watu nyumba. Nitasema mbele yako makusudi, ili nisiweze kurudi nyuma. Sijui tutaishije ziwa likifungwa tena. Ninaogopa, Keza. Wewe shuka kwanza na baba yako, pumzika. Mimi nitang'oa muhogo uliokomaa, nitakwenda kwa Zakaria kumuaga na kumwomba awapokee hawa wageni vizuri kuliko walivyonipokea kwa kosa langu, kisha nitashuka na Bosco na vyombo.

Nitagonga kwa mwenye kile chumba nimwamkie kwa heshima zote. Nitamwomba ruhusa ya kupigilia msumari mmoja ukutani, wa kutundikia begi lako la shule. Akisema hapana, nitalishika mkononi.

Mama yako, anayekuja sasa hivi kukupokea mdogo wako aliye mgongoni mwako